Jasho la Jembe na Jasho la Ngoma

Mchukue mama wa Shanwe aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akachota maji, akalima mpaka jua la saa sita, kisha akarudi nyumbani na kuni kichwani. Mwambie kwamba dawa ya mawazo yanayomnyima usingizi ni mazoezi. Ukibahatika atacheka. Asipocheka atakuuliza, "Mwanangu, haya ninayofanya tangu alfajiri wewe unayaita nini?"

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Vipeperushi vya afya havina jibu lake, maana viliandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti kuanzia saa mbili mpaka saa kumi, anayepanda gari kwenda kazini na kupanda lifti akifika. Mtu huyo akiambiwa atembee, anaelewa amekosa nini. Mkulima wa jembe la mkono hajakosa kutembea wala kutoka jasho. Kama jasho pekee lingetosha kuondoa huzuni, vijijini kusingekuwa na mtu mwenye sonona, na Shanwe nzima ingelala usingizi wa mtoto. Haiko hivyo. Kwa hiyo ama wataalamu wanakosea wanaposema mazoezi yanatuliza akili, ama ndani ya mazoezi kuna kitu ambacho hakimo kwenye jembe. Mimi naamini ni hilo la pili.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sonona ni neno la hospitalini. Mtaani watu husema "nina mawazo", "nawaza sana", "mwili hauna nguvu", "moyo umekufa ganzi". Dalili zenyewe zinajulikana: huzuni au ubaridi wa moyo usioisha kwa wiki mbili na zaidi, chakula kisicho na ladha, usingizi unaokatika saa tisa usiku na kutorudi, kuchoka bila kazi, kujiona huna maana. Wasiwasi uliopitiliza ni ndugu yake wa karibu. Huo huja na moyo kwenda mbio, kifua kubana, mikono kutetemeka, na hofu ya jambo baya ambalo mtu mwenyewe hawezi kulitaja. Wengi huwa na yote mawili kwa pamoja.

Mkoa huu nao una mambo ya kuwazisha. Shanwe ni kata ndani ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 mkoani. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Uzazi peke yake hauwezi kuongeza watu maradufu ndani ya miaka 10. Watu wamehamia, wengi wao Wasukuma waliofuata ardhi na malisho, na wengine kutoka Kigoma, Tabora na Rukwa yenyewe. Mhamiaji huja na ng'ombe wake, jembe lake na watoto wake, lakini shangazi na majirani waliomjua tangu utotoni hawezi kuwafunga kwenye mzigo. Mvua za Novemba zikichelewa, au mahindi yakishuka bei wakati wa mavuno, atayawaza hayo peke yake.

Sasa turudi kwenye madai ya wataalamu. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti uliowashtua madaktari wengi. Walichukua watu wazima 156 wenye sonona, wote wa umri wa miaka 50 na kuendelea, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa dawa iitwayo sertralini, la pili lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na la tatu lilipata vyote viwili. Dawa ilianza kuleta nafuu mapema zaidi. Lakini baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamefika karibu mahali pamoja. Miezi kadhaa baadaye walipowafuatilia waliopona, wale wa mazoezi peke yake walikuwa wamerudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko wale wa dawa.

Tangu hapo tafiti zimerundikana. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio 218 yenye washiriki 14,170. Kutembea kwa kasi au kukimbia polepole, yoga, na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito ndivyo vilivyofanya vizuri, na nguvu ilipoongezeka, nafuu nayo iliongezeka. Lakini msomaji asidanganywe na wingi wa namba. Mengi ya majaribio hayo yana kasoro, na moja kubwa ni kwamba mtu anayefanya mazoezi anajua anafanya mazoezi, hivyo huwezi kumpa kidonge cha uongo ili ulinganishe. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2013 yalipoacha tafiti dhaifu na kubaki na zile chache zilizofanywa kwa umakini mkubwa, faida ilipungua sana. Kwa hiyo mazoezi yanasaidia, na yanawasaidia wengi. Anayetangaza kwamba yanaponya kila mtu anauza kitu.

Yanasaidiaje? Jibu linalorudiwa redioni ni kwamba mwili hutoa endofini, kemikali za furaha. Hilo ni nusu ya habari, tena nusu iliyo dhaifu. Endofini zinazozunguka kwenye damu hupata shida kuvuka ukuta unaoulinda ubongo, na watafiti siku hizi wanatazama zaidi kemikali nyingine ambazo mwili hutengeneza mtu akikimbia na ambazo huvuka ukuta huo kwa urahisi, zinazofanya kazi kwa namna inayofanana na zile zilizomo ndani ya bangi. Hata hivyo, raha ya dakika 40 baada ya kukimbia haiwezi kueleza nafuu ya miezi. Kinachodumu kinajengwa polepole. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walitangaza matokeo ya wazee 120 wa Marekani waliofuatiliwa kwa mwaka mzima. Nusu yao walitembea kwa kasi, nusu wakanyoosha viungo tu. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu na ambayo mara nyingi huonekana imesinyaa kwa watu wenye sonona ya muda mrefu, iliongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wengine iliendelea kupungua, kama inavyopungua kwa wazee wengi.

Pamoja na hayo kuna usingizi. Mtu aliyefanya mazoezi ya kutosha mchana hulala mapema na kwa kina zaidi, na usingizi mbovu ni mama na mtoto wa sonona kwa wakati mmoja. Kuna pia jambo ambalo halihitaji maabara kulielewa. Sonona humwambia mtu asubiri kwanza ajisikie vizuri ndipo atoke, naye husubiri wiki, kisha mwezi. Ukweli wa ugonjwa huu ni kinyume chake: mtu hutoka akiwa hajisikii, na kujisikia humfuata njiani, mara nyingine kwa kuchelewa sana. Mawazo ya mgonjwa huzunguka kama ndama aliyefungwa kwenye kigingi, kila duara likikaza kamba. Kutoka nje na kuupa mwili kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho hulegeza kamba hiyo kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachohitajika kwa siku ya kwanza.

Kwenye wasiwasi hadithi ni nyingine, na kwangu ndiyo inayovutia zaidi. Anayepatwa na mshtuko wa hofu huhisi moyo unataka kupasuka, pumzi zinakatika, jasho linamtoka, miguu imekuwa laini. Anaamini anakufa. Wengine hukimbilia hospitali kupimwa moyo na kuambiwa ni mzima, wengine huamini wametupiwa kitu. Baada ya mara mbili tatu, anachokiogopa si tena jambo lolote la nje, ni moyo wake mwenyewe. Akipanda kilima kidogo akahisi unadunda, anaketi chini. Sasa tazama: dalili hizo zote ndizo humpata mtu yeyote anayekimbia. Akikimbia kidogo leo na kidogo kesho, moyo unadunda, jasho linatoka, pumzi zinakatika, halafu anasimama, vyote vinatulia, na yeye hajafa. Mwili unafundishwa somo ambalo maneno hayawezi kufundisha. Nchini Ujerumani, Andreas Broocks na wenzake walilijaribu hili kwa wagonjwa 46 kwa wiki 10 na kuchapisha majibu mwaka 1998. Kukimbia kulishinda kidonge kisicho na dawa. Dawa halisi, klomipramini, ilishinda kukimbia, tena kwa haraka. Naitaja sehemu hiyo ya pili kwa sababu wengi huiruka.

Sasa jembe.

Mwaka 2017 Rhiannon White na wenzake wa Australia walikusanya tafiti 98, wakauliza swali ambalo mama wa Shanwe angeuliza: je, kila kutumia mwili ni sawa kwa akili? Wakatenganisha harakati za mapumziko, za safari, za kazi na za nyumbani. Waliotumia miili yao wakati wa mapumziko, au kwa kutembea na kuendesha baiskeli kwenda watakako, walikuwa na afya bora ya akili. Kazi za nyumbani hazikuonyesha uhusiano wowote. Na nguvu zinazotumika kazini zilienda kinyume: waliotumia nguvu nyingi zaidi kazini walikuwa na matatizo ya akili zaidi kidogo. Tofauti zenyewe ni ndogo, na nyingi ya tafiti hizo zilitoka nchi tajiri, hivyo tusizibebeshe mzigo usio wao. Tena anayefanya kazi ngumu mara nyingi ndiye pia mwenye kipato kidogo na madeni, na huenda kinachomuumiza ni umaskini wenyewe. Lakini hata ukipunguza yote hayo, jibu linabaki kwamba misuli ikifanya kazi ileile, akili inaweza kupokea vitu viwili tofauti kabisa.

Nadhani tofauti inaanza na mahali akili inapokuwa wakati mwili unafanya kazi. Anayelima shamba la mahindi kwa mkopo wa mbolea hajaondoka kwenye tatizo lake, amesimama katikati yake. Kila tuta ni hesabu: magunia mangapi, deni kiasi gani, mvua lini. Wala hakuchagua kulima leo. Asipolima, watoto hawali. Kazi yake haina filimbi ya mwisho pia. Anayekimbia dakika 30 anajua dakika ya 30 itafika, atapumzika, na mwili utajirudisha ukiwa na nguvu zaidi. Mkulima msimu wa palizi huingia kesho na uchovu wa jana, mgongo ukiwa umekunjwa pembe ileile tangu juzi. Mazoezi ni mzigo mfupi unaofuatwa na mapumziko, na mapumziko ndiyo yanayojenga. Mzigo usio na mapumziko hubomoa, na tunaujua kwa jina lake: kuchakaa.

Na hapa Wasukuma, waliojaa Katavi ya leo, wana mfano ambao ningependa wataalamu wa Duke wauone. Kuna ngoma yao iitwayo bugobogobo, ngoma ya majembe. Wachezaji hushika majembe yaleyale ya shambani, huyazungusha, huyarusha juu na kuyadaka, wanainama na kuinuka kwa mpigo mmoja, ngoma zikisukuma kasi. Asili yake ni kilimo cha pamoja, pale kundi lilipolima shamba la mwenzao kwa mdundo. Angalia kilichobadilika kati ya mama anayelima peke yake na yule wa bugobogobo. Jembe ni moja. Mgongo unainama vilevile. Jasho ni lilelile la chumvi. Lakini huyu wa pili ana mdundo unaomtoa kwenye hesabu za deni, ana wenzake kushoto na kulia, kuna watu wanaotazama na kushangilia umahiri wake, na ngoma itakoma. Sisemi mababu waligundua tiba ya sonona. Walikuwa wanalima na kushindana kwa sifa. Nasema mazingira waliyoyajenga kuzunguka jembe yanafanana mno na yale yanayofanya mazoezi yasaidie. Katika mapitio yale ya 2024, kucheza dansi ndiko kulikoonyesha nafuu kubwa kuliko vyote, ingawa kwa majaribio machache ya watu wachache, kiasi kwamba waandishi wenyewe walisita kulitilia mkazo.

Mtu asije akahitimisha kwamba weka tu watu pamoja uwanjani na akili zitapona. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, baada ya vita vya miaka mingi, ligi ya mpira iliandaliwa kwa watoto na vijana kwa nia njema kabisa. Justin Richards na wenzake walipima matokeo na kuyachapisha mwaka 2014. Hali ya wavulana walioingia kwenye ligi, kwa upande wa huzuni na wasiwasi, haikuboreka. Ikilinganishwa na ya wenzao, ilizidi kuwa mbaya. Mimi nausoma utafiti huo nikikumbuka viwanja vyetu, ambako anayekosa penalti huzomewa mpaka anafika nyumbani. Ligi ina washindi, lakini ina walioshindwa wengi zaidi, na kwa mtoto ambaye tayari anajiona hana maana, kufungwa mabao manne mbele ya mtaa mzima ni ushahidi mwingine. Ukitaka mpira uwe dawa kwa vijana wa bodaboda wa Mpanda, ambao wao tatizo lao ni kukaa kutwa nzima, cheza bila kombe.

Kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za harakati za wastani. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. (Waliopita shule za msingi za Tanzania watacheka hapa, maana mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa wote wimbo. Basi ule ulikuwa mwepesi, au mapafu yetu yalikuwa mapya.) Mgonjwa wa sonona akisikia dakika 150 hukata tamaa kabla hajavaa viatu. Ndiyo maana napenda zaidi hesabu ya Matthew Pearce na wenzake wa mwaka 2022, waliounganisha tafiti 15 zenye watu zaidi ya 190,000. Waliofikia nusu tu ya kiwango hicho walikuwa na uwezekano wa kupata sonona mdogo kwa asilimia 18 kuliko wasiofanya kabisa. Waliofikia kiwango chote, asilimia 25. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida imo kwenye nusu ya kwanza, ambayo ni dakika 11 kwa siku.

Kwa kipimo hicho, desturi zetu za kitaifa ni sherehe zaidi kuliko dozi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchini. Zanzibar hufungua mwaka kwa tamasha la mazoezi ya viungo Januari mosi. Ni vizuri, watu wanaonana na kucheka. Ila mara moja kwa mwezi ubongo unakuwa umeshasahau.

Kuna watu ambao hii makala si yao kwa leo. Anayewaza kujiua, anayesikia sauti, aliyeacha kula, au ambaye kutoka kitandani tu kumemshinda, anahitaji hospitali na mtu wa kumsindikiza, na viatu vya kukimbilia vitamsubiri. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito amuulize kwanza mhudumu wa afya.

Kwa wengine, kikwazo cha Shanwe si uvivu. Mwanamke akikimbia peke yake barabarani alfajiri, dirisha la kwanza litauliza nani amefariki, la pili litauliza anamkimbia nani. Kabla hajachoka mguu atakuwa amechoka kueleza. Na kumwongezea mkulima kazi nyingine ya mwili wakati wa palizi ni kumkejeli. Msimu huo anachohitaji ni kupunguziwa mzigo, kulima kwa zamu na wenzake watatu wanne shamba kwa shamba, na kulala. Mazoezi yenyewe yanafaa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, wakati mikono imetulia na mawazo ndiyo yanapata nafasi ya kusema.

Ningeanzia kwenye kikoba. Karibu kila mtaa una kikundi cha akina mama kinachokutana siku ileile kila wiki kuweka hisa na kukopeshana. Wanajuana, wanaaminiana, na asiyefika huulizwa. Kabla ya daftari kufunguliwa na sanduku kuwekwa katikati, watembee pamoja kwa kasi, wakizungumza, mpaka barabara kubwa na kurudi. Hakuna dirisha litakalouliza nani amefariki wakipita wanawake 15 wakicheka. Yule ambaye wiki tatu zilizopita aliacha kuzungumza, wampitie nyumbani wakiwa njiani. Wasimwambie afanye mazoezi. Wamwambie, "Dada, vaa kandambili zako, twende tukahesabu hela."